Shajara ya Katibu wa Jengo

Jumatatu, 1 Julai

Mwaka mpya wa fedha umeanza. Kikao cha kamati kimefanyika ngazini, kwa kuwa chumba cha mikutano kina magunia ya alizeti ya Mwenyekiti. Shamba lake liko Kongwa. Stoo yake, kwa sasa, iko kwetu. Ajenda ilikuwa moja: nyumba namba 1.

Kwa faida ya katibu atakayerithi daftari hili: jengo letu liko Ilazo, lina nyumba 16, na mjenzi alituahidi lifti. Shimo la lifti lilichimbwa, likapigwa plasta, likabaki shimo. Baada ya kuandikiana barua kwa muda mrefu, mjenzi akaona bora maelewano kuliko mahakama. Badala ya lifti, akakipa Chama cha Wamiliki nyumba namba 1, iliyo chini kabisa, mahali ambapo lifti haihitajiki. Tukasaini. Hati imeandikwa jina la Chama. Wakazi wa ghorofa ya nne bado wanapanda kwa miguu, ila sasa wanapanda wakijua wana mali.

Mhandisi wa nyumba namba 12 ametaka tuipangishe. Mama wa ghorofa ya pili akasoma katiba yetu kwa sauti: Chama hakitafanya biashara kwa ajili ya faida. Kupangisha ni biashara, akasema, na mwenye macho haambiwi tazama. Mhandisi akajibu kwamba nyumba tupu inaliwa na mchwa, na mchwa hawajasoma katiba. Gunia moja likaporomoka ngazini. Kikao kikaahirishwa ili watu wazoe alizeti.

Jumatano, 3 Julai

Mhandisi amekuja na sheria yenyewe, imechapwa na kubanwa vizuri. Tumeijadili jioni nzima, kifungu kwa kifungu. Mama wa ghorofa ya pili alipinga mambo kadhaa kwa hoja nzito, na Mhazini akapendekeza marekebisho. Mzee Mstaafu wa nyumba namba 9, aliyekuwa kimya muda wote akipangusa miwani, akauliza kwa nini sheria ya Tanzania inamtaja Msajili aliyeko Nairobi.

Ilikuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2020, ile iliyofuta ya 1987. Imeandikwa vizuri. Haituhusu. Nimeacha majadiliano kwenye muhtasari, kwa kuwa yalikuwa ya kiwango cha juu.

Jumamosi, 6 Julai

Tumemwita wakili. Alikalia kiti cha plastiki kilicholegea mguu na kuongea bila kutikisika, jambo lililotuongezea imani naye.

Alisema sheria yetu ni ya mwaka 2008, ile ya umiliki wa sehemu za jengo. Kabla yake ilikuwa taabu kumpa mtu hati ya nyumba iliyo juu ya nyumba ya mwenzake; baada yake, kila mmoja ana hati yake, na vitu visivyogawanyika, kama paa, ngazi na uzio, ni vya wote kwa mafungu. Mpango wa jengo ukishasajiliwa, Chama kinazaliwa, na kila mmiliki ni mwanachama apende asipende. Mama wa ghorofa ya pili akauliza kama anaweza kujiuzulu. Wakili akasema anaweza, akiuza nyumba.

Kisha tukafika kwenye jambo lenyewe. Chama, alisema, ni mtu mbele ya sheria. Kinashtaki na kinashtakiwa. Nyumba namba 1 si eneo la pamoja kama ngazi. Ina hati yake, na mwenye hati ni Chama. Mwenye hati anaweza kupangisha, ilimradi katiba yake haijamkataza na wanachama wameridhia kwenye mkutano. Na hilo neno la kutofanya faida?

“Wazee wangu,” akasema, “chama kisicho cha faida hakikatazwi kupata hela. Kinakatazwa kugawana.”

Ukimya ulioingia hapo ulikuwa mrefu. Nikiangalia nyuso, nadhani watu kadhaa walikuwa wameshapiga hesabu ya kugawana. Wakili akaeleza kwamba kodi ya pango iingie mfuko wa jengo: pampu, rangi, mshahara wa mlinzi, pengine siku moja lifti. Mtu mmoja akauliza kama kugawana sukari wakati wa Krismasi ni kugawana. Wakili akatazama saa.

Mzee Mstaafu akaomba kuweka tahadhari kwenye kumbukumbu. Mwaka 1971, akasema, Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Leo bei hiyo hainunui mlango wa nyumba namba 1, alikiri, lakini sheria ni sheria. Halafu akatukumbusha hapahapa Dodoma enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu: ndiyo iliyoshika ardhi ya mji, na mwananchi alipewa hati ya miaka 33. Ilipovunjwa Mei 2017 ndipo tukaanza kusikia miaka 99. Na hata hiyo 99, akasema akiinuka, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na mdhamini wake ni Rais, kwa hiyo hapa hakuna mwenye nyumba, kuna wapangaji wa muda mrefu na wa muda mfupi. Wakili alisema hilo ni sahihi kwa namna fulani. Mzee alitembea hadi ghorofa yake kwa furaha, akipumzika kila ngazi ya sita.

Kura: 11 kwa 3, tupangishe. Ada ya wakili imelipwa kutoka fungu la rangi.

Jumatatu, 8 Julai

Tumetundika bango: NYUMBA INAPANGISHWA, na namba ya simu ya Mhazini. Bango la kitambaa, kwa kuwa Mhazini alipata punguzo.

Julai ya Dodoma haina urafiki na kitambaa. Kufikia alasiri upepo ulikuwa umeliondoa.

Jumanne, 9 Julai

Bango limepatikana. Limenasa kwenye geti la jaji mstaafu, nyumba ya nne kutoka hapa, limekaa wima kana kwamba limepigwa misumari. Watu wawili walishaingia kwake kukagua vyumba. Mmoja alisifu jiko na kuuliza kama huyo mzee ataondoka lini. Mwenyekiti ametumwa kuomba radhi. Amerudi na bango na ujumbe kwamba kodi tunayotaka ni ya chini mno kwa eneo hili.

Alhamisi, 11 Julai

Dalali amekuja. Hakuitwa, madalali wa Dodoma wananusa nyumba tupu kutoka Nkuhungu. Anataka kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, ndiyo desturi, na shilingi 10,000 kwa kila anayeletwa kuangalia. Alisikitika kwamba tumechelewa: tungempigia Aprili angetuletea mbunge au msaidizi wa mbunge, wakati wa Bunge la Bajeti ambapo hata banda la kuku Area D lina bei. Sasa wameondoka, na mji umewaachia watumishi na vumbi.

Alimuuliza Mhazini mwenye nyumba ni nani.

“Chama.”

“Sawa, nipe namba yake.”

Mhazini akampa namba yangu. Dalali akanipigia nikiwa nimesimama mbele yake, akaniita Mzee Chama, akanishauri niwe mkali kwa wapangaji.

Jumapili, 14 Julai

Mama wa nyumba namba 6 ana mdogo wake Maryland. Alituchezea ujumbe wa sauti wa mdogo huyo mbele ya kamati nzima. Huko Marekani, anasema, jambo hili ni la kawaida. Mikopo ya nyumba ilipoporomoka mwaka 2008, watu waliacha nyumba na madeni ya michango, na vyama vya wamiliki, hasa Florida, vikajikuta vimechukua nyumba kwa deni na kuzipangisha ili mabwawa ya kuogelea yaendelee kuwa na maji. Ila chama kikichagua utaratibu maalumu wa kodi kwa vyama hivyo, michango ya wanachama haiguswi, na kodi ya pango inakatwa asilimia 30 ya kinachobaki baada ya gharama zake.

Kamati imepokea taarifa. Mhazini ameuliza kama tunaweza kupata bwawa.

Alhamisi, 25 Julai

Leo treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam imeanza kufika Dodoma. Mpangaji wetu mtarajiwa alikuwa ameshakata tiketi ya basi. Amefika jioni na vumbi la Gairo kwenye nywele.

Ni dada mhasibu, amehamishiwa wizara moja pale Mtumba. Mlinzi alimsalimu Kigogo, mbukwenyi, akajibu vizuri. Mwenyekiti akamsalimu “karibu mwanangu”, akajibu “shikamoo mzee”. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha akaomba kumwona mwenye nyumba.

“Ndiyo sisi,” akasema Mwenyekiti.

“Nani kati yenu?”

“Wote.”

Alituhesabu kwa macho. Tulikuwa saba, na wengine walikuwa wanachungulia ngazini.

“Bomba likipasuka nampigia nani?”

Tulitazamana. Hapo ndipo nilipoona kwamba tumekaa wiki tatu tukiuliza kama Chama kinaruhusiwa kupangisha, na hakuna aliyeuliza kama kinaweza. Mwenye nyumba mmoja mchoyo ana faida yake: unajua anakoishi, na akitaka kodi yake mwezi ujao atakuja na fundi. Chama hakitaki faida. Kwa hiyo hakina haraka na fundi.

Tumemwambia apige kwa yeyote atakayemkuta.

Jumamosi, 27 Julai

Mkataba umesainiwa na kupigwa mhuri. Shilingi 250,000 kwa mwezi, miezi sita mbele, maana hata chama kisicho cha faida kinajua desturi za mji. Jumla 1,500,000.

Amelipa 1,350,000.

Mhazini alihesabu tena. Dada akamweleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza hivyo kwa wakubwa, kwamba asilimia 10 ni kodi ya zuio: mpangaji ndiye anayeizuia na kuipeleka TRA, na mwenye nyumba anapewa stakabadhi. Akamkumbusha mjadala wa Agosti 2022 nchi nzima ilipogundua jambo hilo. Mhazini alisema mjadala aliusikia lakini alidhani unahusu watu wengine. Akauliza kama Chama hakisamehewi, kwa kuwa hakina faida. Dada akasema msamaha hauji wenyewe. Unaombwa, kwa maandishi, na mwombaji awe na TIN.

Chama hakina TIN. Mhazini ameandika kwenye leja: “Upungufu 150,000, mpangaji anadai ni halali.”

Jumanne, 30 Julai

Mpangaji amenunua umeme wa shilingi 10,000 na kupata yuniti za kumtosha kuchaji simu. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na mita ya nyumba namba 1 haikununuliwa umeme tangu tukabidhiwe. Malimbikizo yote yamesubiri kwa subira mpaka alipokuja.

Amenionyesha ujumbe kwenye simu. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, akasema. Nikakubali kwamba arudishiwe. Mhazini akakubali pia, ila akasema marejesho yote yanapitishwa na kamati, kamati inakaa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ni kesho, siku ambayo Mwenyekiti yuko Kongwa.

Alhamisi, 1 Agosti

Rais amezindua treni rasmi. Dada ndiye pekee chini aliyefunga king'amuzi kipya, na kufikia saa nne wamiliki tisa walikuwa sebuleni kwake. Hakuna aliyebisha hodi kwa muda wa kutosha kujibiwa. Mama wa ghorofa ya pili, aliyepinga kupangisha, alikagua jiko, akafungua kabati moja, akasema nyumba yetu inatunzwa vizuri. Mzee wa nyumba namba 14 alivua viatu, kwa heshima, na kuviacha.

Kabla ya kuondoka Mwenyekiti alitaja magunia. Chumba cha mikutano kinahitajika, na baraza la nyumba namba 1 ni pana. Ni kwa siku chache tu, na kimsingi ni baraza la Chama. Magunia yamehamishwa jioni. Dada alisimama mlangoni akiyahesabu, kihasibu.

Jumatatu, 5 Agosti

Mhazini amefanya jambo zuri: amepitia sevisi chaji ya nyumba zote, shilingi 40,000 kwa mwezi. Mdaiwa mkubwa kuliko wote ni nyumba namba 1, miezi 14, shilingi 560,000.

Mmiliki wa nyumba namba 1 ni Chama. Mdai ni Chama. Mhazini ana msimamo kwamba sheria ndogo hazina ubaguzi, akaandika barua ya madai kwa mmiliki wa nyumba namba 1. Imeletwa kwangu, kwa kuwa barua za Chama hupokelewa na katibu. Nimeipokea, nimeigonga mhuri, nimeisajili. Kisha nikaandaa jibu kwa niaba ya Chama, kuomba muda, na kulipeleka kwa Mhazini. Amelipokea. Amesema ombi litafikiriwa, lakini mdaiwa hana historia nzuri.

Jumanne, 6 Agosti

Sheria ndogo namba 7 inasema nyumba yenye deni la zaidi ya miezi mitatu ifungiwe koki ya maji ya tangi. Mlinzi anayo orodha kutoka kwa Mhazini. Saa kumi na mbili asubuhi ameifunga koki ya nyumba namba 1, na mpangaji alikuwa na sabuni usoni.

Kwa Dodoma, ambako watu wanajenga tangi kabla ya kujenga choo, kufungiwa maji si jambo la kuchukulia kirahisi. Dada alitoka na kanga na ndoo. Alipiga kwa yeyote aliyemkuta, kama tulivyokubaliana: Mhandisi akasema ni suala la Mhazini, Mhazini akasema ni suala la mmiliki, mmiliki ni Chama, Chama ni katibu, nikamwambia mlinzi afungue. Mlinzi akasema hawezi bila barua inayoonyesha mmiliki amelipa au amesamehewa, na maelekezo hayo yana sahihi yangu. Ni kweli, yanayo. Ni maelekezo mazuri.

Mhandisi amepitisha mpira wa maji kutoka nyumba namba 3.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Kamati yote ilikuwa Nzuguni kuangalia ng'ombe na matrekta. Tuliporudi tulikuta barua imebandikwa kwenye kila mlango, aya fupi, namba pembeni. Dada anamlalamikia mwenye nyumba, Chama, kwa kukatiwa maji wakati amelipa miezi sita mbele. Anakitaka Chama, kama msimamizi wa jengo, kimchukulie hatua mmiliki huyo. Nakala, kasema, itakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ikibidi.

Mzee Mstaafu aliisoma mara mbili akasema huyu binti angefika mbali enzi za CDA.

Kamati imekaa kwa dharura, barazani pake, juu ya magunia. Tumekipiga Chama faini ya shilingi 50,000, kilipwe Chama. Mhazini ameandika faini hiyo upande wa mapato na upande wa matumizi, na kwa mara ya kwanza mwaka huu leja imelingana. Maji yamefunguliwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Mkutano mkuu. Ajenda namba 4, iliyoletwa na Mhazini: kodi ya nyumba namba 1 ipande hadi 300,000, kufidia zuio, malimbikizo na faini.

Wamiliki wa nyumba 15, mmoja yuko Mwanza, tukabaki 14. Mhandisi akapinga: mkataba ni wa miezi sita, na mpangaji mzuri ni adimu kuliko lifti. Mwenyekiti, ambaye wiki iliyopita alikuwa upande wa kupandisha, alisimama akasema ametafakari. Nimepata habari kwamba dada alimdokeza kuwa kodi ikipanda baraza litahitaji nafasi. Kura: 7 kwa 7.

Ndipo dada akainua fomu. Mwenyekiti alikuwa amegonga mihuri fomu zote za uwakilishi kabla, ili kuokoa muda, na mlinzi aliambiwa agawe kila mlango. Amegawa kila mlango. Fomu ya nyumba namba 1 imejazwa kwa herufi safi: mwenye nyumba, Chama, mwakilishi, mpangaji. Akapiga kura ya hapana.

Mama wa ghorofa ya pili akasema mpangaji hana kura. Dada akajibu kwamba hakupiga kura yake, alipiga ya Chama. Mhandisi akauliza iwapo Chama kinaweza kupiga kura ndani ya Chama. Mzee Mstaafu akaomba swali lirudiwe polepole. Tumempigia wakili, akasema swali ni zuri na atalijibu kwa maandishi, akataja ada yake.

Mhazini akauliza itoke fungu gani, maana la rangi limekwisha. Tumekubaliana, bila kupingwa, itoke kwenye kodi ya nyumba namba 1.